Kitanda cha Juu

Saa nane na robo usiku, Ngara.
Jenereta ya jirani imenyamaza,
na Kerubo, kitanda cha juu, amepandisha picha:
yeye na gauni la njano kwenye paa la jengo
ambalo lifti yake tulipanda bila kualikwa,
nyuma yake Nairobi imewashwa yote
kama duka la Luthuli Jumamosi jioni.
Chini ameandika: Wiki njema. Shukrani tele.

Gauni si lake. Ni la Chelagat wa chumba kumi na saba,
lilirudishwa kabla jasho halijakauka.
Picha nilipiga mimi. Mara arobaini na moja.
Inua kidevu. Cheka. La, cheka kana kwamba
kuna mtu amesema kitu.
Hakuna aliyekuwa amesema kitu.
Kisha mlinzi akatukuta, tukashuka kwa ngazi
ghorofa kumi na mbili, viatu mkononi,
tukanunua smoki moja tukaikata kati
na hapo, kachumbari ilipomdondokea kidoleni,
alicheka kweli.
Simu ilikuwa mfukoni.

Sasa mbao za kitanda zinalia.
Anageuka. Anageuka tena.
Mwanga wake unapanda darini, unafifia, unapanda,
kama mtu anayechungulia mtungi kila dakika
kuona kama mfereji umeanza kutoa maji.

Watu kumi na tisa. Watu ishirini na watatu.
Ya Makena, juzi, ilifika mia nne;
Makena mwenye kucha zilizochongwa kama lozi,
ambaye, nayajua haya kwa kuwa tulipatana choo cha maktaba,
hutapika kabla ya kila mtihani,
husukutua, hupaka rangi ya mdomo,
hujipiga picha kwenye kioo kilekile.

Nami nina yangu.
Nina tumbo linalojikunja simu ikitetemeka
na kujikunja zaidi isipotetemeka.
Najua jina la mbwa wa msichana wa Runda
ambaye sijawahi kumwamkia,
na sijui Kerubo alikula nini leo.

Ndipo nikasikia. Si mbao.
Ni ile pumzi ya mtu anayeuma shuka
asije akamwamsha mwenzake.

Na mimi niliye macho, mita moja chini ya machozi,
nilifanya nini?
Nilifungua picha. Niliigusa mara mbili.
Moyo mwekundu ukavimba, ukapotea.
Juu, simu yake ikatetemeka.
Pumzi ikakatika kidogo.
Ishirini na nne.

Ebu fikiria safari ya moyo huo:
umepaa mnarani, umevuka bahari,
umepita kwenye mitambo ya nchi nisiyoijua,
umerudi Ngara, umepanda kitanda cha juu,
na mimi mwenyewe sijainua mguu.

Ujumbe ukaingia. Wake.
Hujalala?
Nikaandika: Nalala sasa. Nikafuta.
Nikaandika: Uko sawa? Nikafuta,
maana angejibu "niko poa" na kibonzo cha kucheka,
na sote wawili tungepaswa kukiamini.
Niliona anaandika. Akaacha. Anaandika.
Nadhani naye alikuwa akiniona mimi.

Basi moyo, ule mwingine, wa nyama,
nikaupiga konde.
Nikainua mguu, nikagonga mbao kwa kisigino,
mara tatu, kama mgeni.
Hodi.

Kimya kirefu.
Karibu, akasema, kwa sauti iliyojaa makamasi.

Nilipanda. Akasogea ukutani.
Una miguu ya baridi, akalalamika.
Hakunieleza lolote kwa muda, nami sikuuliza.
Ishirini na tano ikaingia;
aliitazama, sitadanganya, nami niliitazama.
Halafu akaniuliza kama mkate uliisha.
Vilikuwapo vipande viwili,
vile vya mwisho, vyenye ganda.